Seli Inayokataa Kufa: Saratani ya Mifupa kwa Vijana na Sababu ya Kuwahi Hospitali

Yafuatayo ni maandishi ya mada ya afya iliyoandaliwa kwa walimu, makocha, wazazi na wahudumu wa afya ya jamii.



Saratani zinazozungumzwa sana katika mikutano ya afya ni zile za matiti, mlango wa kizazi, tezi dume na umio. Hizo huwapata watu wengi, na ni haki zizungumzwe. Mada ya leo inahusu saratani inayowapata watu wachache, lakini huwapata wakiwa bado shuleni. Ni saratani ya mifupa, na aina yake inayoonekana zaidi kwa watoto na vijana huitwa osteosakoma.

Kwa kila watu milioni 1, wanaopata osteosakoma kwa mwaka ni kama 3 au 4 tu. Uchache huo ndio unaoipa nafasi ya kujificha. Mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuona mgonjwa hata mmoja. Mzazi naye, mtoto akilalamika goti, hufikiria mpira, mzigo wa maji au baridi ya usiku. Saratani ni jambo la mwisho kumjia akilini.

Mada hii inaeleza mambo mawili. La kwanza ni jinsi seli ya mwili inavyoamriwa kufa, na jinsi seli ya saratani ya mfupa inavyoikataa amri hiyo. La pili ni kwa nini ukaidi huo unafanya muda wa kufika hospitali, na kumaliza matibabu, kuwa suala la uhai wa mtoto.

MAHALI UGONJWA UNAPOANZIA

Osteosakoma hutokea zaidi wakati kijana anarefuka kwa kasi, hasa kati ya miaka 10 na 20. Wavulana huugua kwa kiasi kidogo zaidi kuliko wasichana. Mara nyingi huanzia karibu na goti, ama chini ya paja au juu ya muundi. Mahali pengine ni sehemu ya juu ya mkono, karibu na bega. Hizo ni sehemu ambako mifupa hukua haraka na seli hugawanyika kwa wingi. Panapogawanyika seli nyingi, pana nafasi zaidi ya makosa kuingia katika jeni.

Dalili ya kwanza huwa ni maumivu. Mwanzoni huja na kuondoka, kisha hukaa, na mara nyingi huzidi usiku. Baadaye uvimbe huonekana, mtoto huanza kuchechemea, au mfupa huvunjika kwa jambo dogo tu, kama kuteleza uwanjani.

Watu wengi husema ugonjwa ulianza siku mtoto alipopigwa teke au alipoanguka. Haijathibitishwa kwamba kuanguka huleta saratani ya mfupa. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba ajali hiyo huwafanya watu wautazame mguu uliokuwa na tatizo tayari.

Wala ugonjwa huu si wa kisasa, ulioletwa na vyakula vya siku hizi, wala si kazi ya mtu mwenye jicho baya. Huko Swartkrans, Afrika Kusini, ulipatikana mfupa wa wayo wa kiumbe wa jamii ya binadamu wa kale, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 1.6. Mwaka wa 2016 wanasayansi walieleza kwamba mfupa huo ulikuwa na osteosakoma.

KIFO CHENYE FAIDA

Huenda ikashangaza kusikia kwamba mwili wenye afya hutegemea kifo. Kila siku mabilioni ya seli za binadamu hufa kwa utaratibu na nafasi zao kuchukuliwa na seli mpya. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, mkono wake huanza ukiwa bapa kama kasia. Vidole hutengana kwa sababu seli zilizo katikati yao hupokea amri ya kufa. Seli hizo zisipotii, mtoto huzaliwa vidole vikiwa vimeshikana.

Mwaka wa 1972, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliandika kuhusu kifo hiki cha utaratibu na kukipa jina la apoptosisi, neno la Kigiriki lenye maana ya majani kupukutika kutoka mtini. Mti hauumwi unapopukutisha majani. Vivyo hivyo, seli inayokufa kwa njia hii hujikunja, hujigawa vipande vidogo, na majirani zake humeza mabaki bila kuleta uvimbe wala usaha.

Jinsi amri hiyo inavyotolewa ilijulikana kupitia mnyoo mdogo wa udongoni, wenye urefu wa kama milimita 1. Mnyoo huo hutengeneza seli 1,090 anapokua, na seli 131 hufa kila mara, zikiwa zilezile na kwa wakati uleule. Kumbe kifo hicho kimeandikwa katika jeni. Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 2002 kwa kazi hiyo.

NJIA MBILI ZA AMRI

Kwa binadamu, amri ya kufa hupita njia mbili, na wabeba ujumbe ni protini.

Njia ya kwanza hutoka nje ya seli. Juu ya ngozi ya seli kuna vipokezi, na kimojawapo huitwa Fas. Fas ni kama kengele iliyo mlangoni. Seli nyingine ya mwili, kwa mfano askari wa kinga, huja na protini inayoitwa Fas ligandi, na hiyo ndiyo kidole kinachobonyeza kengele. Ikishabonywa, ndani ya seli huamshwa protini zinazoitwa kaspesi. Kaspesi ni mafundi wa kubomoa. Hukata nguzo za seli moja baada ya nyingine hadi seli iporomoke kwa utulivu.

Njia ya pili hutoka ndani. Seli inapopata hitilafu kubwa katika jeni zake, protini iitwayo p53 huikamata na kuisimamisha. Kama hitilafu inaweza kurekebishwa, seli hupewa muda. Kama haiwezekani, p53 husaidia kufungua mlango wa mitokondria, ambazo ni mitambo ya nguvu ya seli, na mafundi walewale wa kubomoa huitwa kazini. Protini hii iligunduliwa mwaka wa 1979, na wanasayansi wameiita mlinzi wa jenomu.

Zipo pia protini zinazozuia kifo, kama Bcl-2, ambayo huufunga mlango wa mitokondria. Katika mwili wenye afya, wanaoamuru kifo na wanaokizuia hupimana nguvu. Seli njema huachwa iishi, na iliyoharibika huondolewa.

Mfano mzuri wa nguvu za p53 ni ndovu. Mnyama huyu ana seli nyingi mno kuliko binadamu na huishi miaka mingi, hivyo ingetarajiwa augue saratani kila mara. Lakini ndovu hufa kwa saratani kwa nadra. Mwaka wa 2015 watafiti walieleza kwamba, mahali ambapo binadamu ana nakala 1 ya jeni inayotengeneza p53 kutoka kwa kila mzazi, ndovu ana kama 20. Seli ya ndovu ikiharibika, hujiua upesi kuliko ya binadamu. Kwa ndovu, kuharibika kidogo tu kunatosha.

SELI YA MFUPA INAPOASI

Katika osteosakoma, mlinzi huyo ndiye anayeangushwa. Sehemu kubwa ya uvimbe wa aina hii huwa na jeni ya p53 iliyovunjika. Mwingine huwa na protini iitwayo MDM2 kwa wingi kupita kiasi, ambayo humshika p53 na kumpeleka kuharibiwa. Kwa vyovyote, seli yenye hitilafu haisimamishwi wala haihukumiwi. Hugawanyika, na watoto wake hurithi hitilafu hizo na kuongeza nyingine.

Wapo watu wachache wanaozaliwa na jeni mbovu ya p53. Mwaka wa 1969 madaktari Frederick Li na Joseph Fraumeni walieleza kuhusu familia ambazo watoto na vijana huugua saratani mbalimbali, zikiwemo za mifupa, na akina mama huugua saratani ya matiti mapema. Mwaka wa 1990 sababu ikajulikana kuwa ni jeni hiyo. Ukoo wa namna hiyo haujarogwa wala haujalaaniwa. Unahitaji ushauri wa daktari na uchunguzi wa mara kwa mara.

Vilevile mtoto aliyepona saratani ya jicho ya kurithi, ile inayofanya mboni ing'ae nyeupe kwenye picha, huzaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo RB1, ambayo ni breki ya kugawanyika kwa seli. Mtoto huyo ana hatari kubwa zaidi ya kupata osteosakoma akikua. Mzazi wake asipuuze maumivu ya mfupa hata siku moja, na amweleze kila daktari historia ya jicho.

MAPAFU NA KENGELE ILIYONG'OLEWA

Osteosakoma ikibaki mguuni pekee, haiui kwa urahisi. Huua zaidi inaposafiri kwa damu hadi kwenye mapafu.

Hapa ndipo protini Fas inapochukua nafasi kubwa. Mapafu ni mahali pachache mwilini ambapo seli za kawaida hubeba Fas ligandi, yaani kidole cha kubonyeza kengele, wakati wote. Ni lango lenye mlinzi. Seli ya saratani ikifika pale ikiwa na kengele yake, hubonywa na kufa.

Watafiti wa Kituo cha Saratani cha MD Anderson kilichoko Houston, Marekani, wakiongozwa na Eugenie Kleinerman, walichunguza uvimbe uliotolewa kwenye mapafu ya wagonjwa wa osteosakoma. Sehemu kubwa ya uvimbe huo haikuwa na Fas, au ilikuwa nayo kidogo tu. Maana yake ni kwamba seli zenye kengele zilikwisha kuuawa, na zilizobaki kuota ni zile zilizoing'oa.

Kundi hilo lilijaribu pia kwa panya. Dawa ya saratani iitwayo gemcitabine ilipovutwa kama mvuke, kengele zilirudi kwenye seli za uvimbe na uvimbe wa mapafu ukapungua. Kwa panya waliozaliwa bila Fas ligandi inayofanya kazi, dawa hiyohiyo haikufua dafu. Kurudisha kengele hakusaidii kama hakuna wa kuibonya.

Utafiti wa aina hii haujawa tiba ya kawaida. Dawa nyingine zilizobuniwa kubonyeza vipokezi vya kifo vinavyofanana na Fas zimejaribiwa kwa binadamu, na matokeo hayajafikia matumaini yaliyokuwapo. Mwananchi akiuziwa mtandaoni dawa inayodaiwa kuamuru seli za saratani zijiue, ajue anaibiwa.

HESABU INAYOOKOA MAISHA

Sasa, haya yote yana maana gani kwa familia iliyo kijijini?

Kabla ya miaka ya 1970, tiba ilikuwa kukata mguu. Hata mguu ukikatwa mapema, zaidi ya wagonjwa 80 kati ya 100 baadaye walipata uvimbe kwenye mapafu. Ukweli huo ulifundisha somo zito. Siku ugonjwa unapogunduliwa, kwa wagonjwa wengi seli chache huwa zimekwisha kusafiri, ingawa hakuna picha inayoweza kuzionyesha.

Ndiyo sababu leo upasuaji pekee hautoshi. Mgonjwa hupewa kemotherapi kabla ya upasuaji na baada yake. Dawa zinazotumika sana ni methotrexate, doxorubicin na cisplatin. Hizi huharibu seli za saratani kiasi cha kuzilazimisha kufa, hata zile ambazo zimeziba masikio. Kwa tiba hiyo kamili, wagonjwa ambao ugonjwa wao haujaonekana kwingine mwilini hupona kwa kiwango cha kama 60 hadi 70 kati ya 100, katika nchi ambako huduma zote zinapatikana. Uvimbe ukiwa umekwisha kuonekana kwenye mapafu siku ya kwanza, wanaopona hushuka hadi kama 20 au 30 kati ya 100.

Miezi inayopotea nyumbani inaweza kuchangia tofauti ya namba hizo mbili.

Baada ya upasuaji, daktari hupeleka uvimbe maabara ili kuhesabu ni kiasi gani cha seli kilichokufa kwa dawa. Zikiwa zimekufa asilimia 90 au zaidi, matumaini huwa makubwa. Zikiwa zimekufa chache, ni ishara kwamba ukaidi ni mkubwa na mgonjwa afuatiliwe kwa karibu zaidi.

Ipo hatari moja ambayo familia nyingi haziijui. Baada ya mizunguko miwili mitatu ya dawa, maumivu hupungua, uvimbe hunywea, na mtoto huomba kurudi shule. Nauli imekwisha, shamba linangoja, na watu wanaona amepona. Wanamrudisha nyumbani. Lakini seli zilizokufa kwanza ni zile tiifu. Zilizobaki ndizo kaidi kuliko zote, na zikiachiwa nafasi ndizo zitakazoujaza mwili. Maumivu yakiisha, kazi haijaisha. Tiba yote huchukua miezi kadhaa, na kila mzunguko una sababu yake.

Jambo jingine linalovunja matibabu ni hofu ya kukatwa mguu. Hofu hiyo ni ya kweli na mtoto asidharauliwe kwa kuwa nayo. Mgonjwa akifika mapema, mara nyingi inawezekana daktari atoe sehemu ya mfupa yenye uvimbe na kuokoa mguu, pale vifaa na wataalamu wanapopatikana. Akichelewa, uvimbe hushika mishipa mikubwa ya damu na neva, na nafasi hiyo hupotea. Mguu ukilazimika kukatwa, kijana mwenye mguu bandia husoma, hufanya kazi na huoa au huolewa. Afadhali kuishi na mguu mmoja kuliko kuzikwa na miwili.

LA KUFANYA

Mzazi: maumivu ya mfupa ya upande mmoja, yanayozidi wiki mbili au tatu, yanayomwamsha mtoto usiku, au yenye uvimbe, yanahitaji eksirei. Maumivu ya kawaida ya kukua huwa kwenye miguu yote miwili, na asubuhi mtoto hukimbia kama kawaida. Usiendelee kununua dawa za kutuliza maumivu dukani mwezi baada ya mwezi.

Mkandaji na fundi wa mifupa: wazee wanaheshimiwa na wamesaidia wengi waliotegua viungo. Lakini uvimbe mgumu karibu na goti au bega la kijana usikandwe, usichanjwe wala usifungwe mabanzi kabla haujapigwa picha. Mfupa ulioliwa na ugonjwa huvunjika upesi, na kila wiki ya kukanda ni wiki ya kuchelewa.

Mwalimu na kocha: mchezaji anayechechemea baada ya wenzake kupona asiambiwe ajikaze. Mzazi wake aitwe.

Mhudumu wa afya ya jamii: unapotembelea nyumba, uliza pia kuhusu vijana. Mara nyingi maswali huishia kwa mama mjamzito na mtoto mchanga, na kijana wa miaka 15 husahaulika.

Mhudumu wa zahanati na kituo cha afya: picha ikionyesha jambo la kutia shaka, mgonjwa aandikiwe rufaa mara moja. Kipande cha uvimbe kichukuliwe katika hospitali itakayomfanyia upasuaji, na wataalamu wanaoshughulikia uvimbe wa mifupa, kwa sababu mkato uliopita mahali pasipofaa unaweza kumnyima mtoto nafasi ya kuokoa mguu. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret ni miongoni mwa hospitali za umma zinazotibu saratani.

Familia zote: jisajilini na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na mlipe michango kabla ya ugonjwa kubisha hodi. Pia mzunguko wa dawa usikatizwe bila kuzungumza na daktari. Kikwazo kikiwa ni nauli au malazi, kisemwe wazi kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Seli ya saratani ya mfupa imejifunza kuficha kengele yake ili isisikie amri. Familia nayo isifiche goti la mtoto. Likiuma na lisipone, lipelekwe likapigwe picha wiki hii, si baada ya kufunga shule.